Mtani Aliyenyamazishwa

Ukimuuliza Awadhi habari za asubuhi, dada yake Asmahani ndiye atakayekujibu. Ndivyo nyumba yao ya Isevya, mjini Tabora, ilivyozoea tangu mama yao alipofariki, Awadhi akiwa bado mtoto wa madrasa na Asmahani msichana aliyekwisha kuposwa. Asmahani alimlea, akamsomesha, akamtafutia fundi wa kumfunza cherehani, na kumjibia watu kukaingia humo humo kwenye malezi. Miaka ikaenda, mume wa Asmahani naye akatangulia mbele ya haki, wakabaki wawili. Awadhi akawa fundi wa kanzu anayejulikana mpaka Kiloleni, mwanamume mzima mwenye ndevu, na bado hakupata nafasi ya kusema kwamba hajambo.

Kwa hiyo uvimbe ulipomtokea juu ya wayo wa kulia, mguu ule ule anaokanyagia cherehani, Asmahani ndiye aliyezunguka akieleza unavyouma. Kwanza walidhani ni kazi ya pedali. Mchuaji akauchua kwa mafuta ya nyonyo, duka la dawa likatoa vidonge, uvimbe ukazidi kujitutumua hadi kiatu kikakataa kuingia. Hapo ndipo walipokwenda hospitali. Daktari alipouliza kama unauma zaidi usiku, Asmahani alijibu "Sana!" kabla Awadhi hajafungua kinywa.

Tumpe haki yake, lakini. Hospitali aliijua upesi kama anavyolijua soko. Alijua dirisha gani hufunguliwa mapema na lipi lina mtu mkali, alijua kliniki ya mifupa haianzi mpaka daktari atoke wodini, na alijua kwamba kile kinyama kidogo alichokatwa Awadhi kwenye uvimbe kinasafirishwa kwenda kupimwa Dar es Salaam, na ukitaka kujua kimefikia wapi unauliza maabara, humsumbui muuguzi. Kila walipokwenda alibeba uji kwenye chupa, kanga ya kutandika na tasbihi. Awadhi alibeba mguu wake tu.

Majibu yalipokuja, Daktari Eustadia, mwanamke kijana aliyehamia Tabora kutoka Bukoba, aliita jina la Awadhi. Aliyeingia ni Asmahani.

"Amechoka, daktari. Nimemwacha kwenye benchi."

Daktari alisita, kisha akamweleza. Ni saratani, lakini si ya zile zinazotajwa redioni. Inaitwa sarkoma, inakaa kwenye nyama laini karibu na viungo, na huwapata watu wachache sana. Yeye mwenyewe aliwahi kuiona kwa macho mara moja tu, akiwa mafunzoni. Picha ya kifua ilikuwa safi, haijafika kwenye mapafu. Njia ya kumwokoa ilikuwa kwenda Dar, kwenye hospitali ya saratani, wakamkate mguu chini ya goti, na wasikawie.

"Uvimbe ukikaa, utapanda," alisema daktari. "Ukishapanda, hata kukata hakutasaidia. Naomba umwite ili nimweleze."

"Niachie mimi. Ni mdogo wangu, najua namna ya kusema naye."

"Mgonjwa ni yeye, dada Asmahani."

"Ukimwambia wewe, atakufa kwa hofu kabla ya huo ugonjwa."

Daktari Eustadia hakupendezwa, na alisema hivyo. Lakini karatasi za rufaa zilikuwa bado hazijawa tayari. Akakubali kungoja hadi Alhamisi, siku ambayo alitaka kumwona Awadhi mwenyewe, uso kwa uso. Asmahani akatoka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamkuta mdogo wake kwenye benchi akiutazama mguu wake.

"Wanasema twende Dar kwa vipimo zaidi," alimwambia.

Awadhi alimtazama kidogo. "Sawa," akasema.

Jirani yao wa nyumba ya pili aliitwa Mfaume. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa, akastaafu, akabaki anauza asali ya Sikonge kwa ndoo. Awadhi na dada yake walikuwa Wanyamwezi wa mjini, wale wenye majina ya Kiarabu na bibi zao kijijini. Na kila mtu anajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wachukuzi walipokuwa wakitoka huku na kushuka pwani. Mtani haulizwi kwa nini kakutukana. Anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na ukikasirika wewe ndiye usiye na adabu. Awadhi, aliyempa shikamoo kila mtu mwenye mvi mtaani, hakuwahi kumpa Mfaume hata moja. Alikuwa akimpokea kwa kusema, "Mzaramo, leo hakuna ngoma mpaka unatembelea watu?" Naye Mfaume hujibu, "Nimekuja kuhesabu watumwa wangu." Basi hapo wangeendelea mpaka chai iishe. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee ambayo Asmahani hakuwahi kumsemea.

Jioni ile Mfaume alikuja kama kawaida kumjulia hali mgonjwa. Asmahani akamkinga mlangoni.

"Mzee Mfaume, nakuomba leo usimtanie." Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, saratani na mguu.

Mfaume alivua kofia. "Anajua?"

"Hajui. Ndiyo maana nakuomba. Mtu anaumwa vile, unakwenda kumwita mtumwa?"

"Asmahani, mtani hanyamazishwi. Mimi nikinyamaza, atashika lipi?"

"Atashika heshima. Kuna mambo si ya mzaha."

Mfaume ni mtu mwenye moyo laini, na mwanamke alikuwa analia. Akaingia taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaweka kofia magotini. Awadhi alikuwa kwenye mkeka, mguu umeinuliwa juu ya mto, na uso wake ulikwisha kuchangamka, tusi la siku liko tayari ulimini.

"Pole sana, mwanangu," alisema Mfaume. "Mungu atakujalia."

Tusi likaishia hapo hapo. Awadhi akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," alijibu Mfaume. Hakumaliza hata chai.

Asmahani aliyasikia hayo akiwa jikoni na, Mungu amsamehe, alifurahi. Aliona adabu imeingia ndani ya nyumba. Alilala akiwaza kwamba jambo moja walau amelipanga vizuri.

Asubuhi alikuta cherehani imefunikwa shuka. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimekunjwa, kila kimoja na jina lake, na Awadhi alikwisha kumpigia simu fundi Idrisa wa sokoni aje avichukue.

"Siendi Dar," alisema.

"Huendi? Kwa nini?"

"Sitaki kufia kwenye treni nikawapa watu kazi. Nitakaa hapa. Mtanizika karibu na mama."

"Nani kakwambia unakufa?"

"Mfaume."

"Mfaume hakusema kitu! Nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno."

"Ndiyo hivyo, dada. Hakusema kitu." Awadhi aliongea polepole. "Mama alipofariki, unakumbuka watani walivyoziba njia ya makaburini? Walisema maiti haipiti mpaka wapewe jogoo. Watu wakacheka huku wanalia. Mtani hata msibani hanyamazi. Sasa mimi niko hai, natazama, na Mfaume ananiita mwanangu. Ni kitu gani mmekiona kwangu kibaya kuliko kifo?"

Asmahani alifungua kinywa kujibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakikuta kitupu. Alikuwa amemwondoa daktari, akamwondoa mtani, akamwacha mdogo wake ndani ya chumba ambamo watu wote wanatembea kwa ncha za vidole. Na Alhamisi ilikuwa inakuja. Awadhi asipokwenda, uvimbe hautangoja watu wa Isevya wamalize kuoneana huruma.

Akajitanda, akaenda moja kwa moja kwenye duka la asali. Mfaume alikuwa anachuja, mikono inang'aa hadi viwikoni.

"Njoo umtanie," alisema Asmahani, hata salamu hakutoa. "Njoo umwite mtumwa, mwite utakavyo. Amekataa kwenda."

Mfaume aliendelea kuchuja. "Siwezi."

"Jana ulitaka nilipokukataza, leo nakuruhusu huwezi?"

"Nitamtania juu ya nini? Mguu unakatwa na mwenyewe hajui. Nikiucheka, nitakuwa namcheka yeye, nyuma ya mgongo wake, na yeye yuko mbele yangu. Huo si utani, mama. Utani ni watu wawili wanaojua jambo moja." Akaweka chujio chini. "Nitakuja baada ya alasiri. Nikikuta umemwambia, utanisikia toka barabarani. Nikikuta hujamwambia, nitakaa tena na kofia magotini."

Njia ya kurudi ni fupi, lakini Asmahani aliirefusha. Alipita kwa muuza nyanya bila kuhitaji nyanya. Mwisho akaingia, akakaa chini kwenye mkeka, mbele ya ule mguu, na maneno yote mazuri aliyoyapanga yakamkimbia.

"Ni saratani," alisema. "Ya aina nadra. Wanataka kuukata mguu, chini ya goti. Haijafika kwenye mapafu. Ukiwahi, daktari anasema upo uwezekano mzuri wa kupona. Usipowahi, hakuna."

Nje muuza mkaa alikuwa anapita akinadi. Awadhi alingoja mpaka sauti yake ikapotea.

"Ulijua lini?"

"Jana, ulipobaki kwenye benchi."

"Na mimi nikabaki kwenye benchi kwa amri ya nani?" Sauti ilikuwa imepanda. Asmahani hakuwahi kuisikia ikipanda, hata utotoni. "Mguu ni wangu, dada! Huu si wako wala si wa Daktari Eustadia! Nitashonaje? Upo mguu wa bandia? Unakanyaga pedali? Na baada ya kukata kuna dawa, kuna mionzi, kuna nini?"

"Sikuuliza," alisema Asmahani.

"Hukuuliza."

"Nilitaka tu kutoka mle ndani, Awadhi. Nilisikia neno kukata, sikusikia tena jingine. Nisamehe. Nimekukosea sana."

Awadhi akageuza uso ukutani. Asmahani hakuondoka na hakusema neno, na hilo la pili lilimgharimu kuliko la kwanza. Wakakaa hivyo hadi adhana ya alasiri, kila mtu akaswali mahali pake, Awadhi akiwa ameketi.

Kisha kutoka barabarani ikasikika sauti ambayo hata viziwi wa Isevya wangeisikia.

"Nasikia humu ndani kuna Mnyamwezi anagawa miguu!"

Asmahani aliinuka kwenda mlangoni na papo hapo akarudi akakaa. Mfaume aliingia na viatu vyake, akasimama juu ya mkeka, mikono kiunoni, akautazama mguu kama mtu anayetazama mbuzi mnadani.

"Huo ni mali yangu," alisema. "Babu yako alitembea nao toka hapa mpaka kwetu, na pembe ya ndovu ya mtu mwingine kichwani, akafika pwani hoi, babu yangu akampa maji. Hata asante hakusema. Leo mnaupeleka kukatwa bila kumuuliza mwenye mali?"

Mikono ya Mfaume ilibaki kiunoni.

"Uchukue, Mzaramo," alisema Awadhi hatimaye. "Upige ngoma nao, maana kazi nyingine huiwezi."

"Na kiatu chake je?"

"Cha kulia?"

"Cha kulia. Wewe utakifanyia nini? Utachemshia humo matobolwa, hivyo viazi vyenu vikavu?"

"Utavaa kiatu kimoja wewe?"

"Nitangoja Mnyamwezi mwingine akatwe wa kushoto."

Asmahani alijiziba mdomo kwa kiganja. Awadhi alikuwa ameinama, mabega yanaruka, na hakuna aliyeweza kujua mara moja kama ni kicheko au kilio. Vilikuwa vyote viwili. Mfaume alikaa naye chini, akamshika shingo kwa mkono wake unaonata asali, akaendelea kumtukana kwa sauti ya chini, yeye na ukoo wake na chakula chao, mpaka kijana akapumua. Kisha akanywa chai, akabeba sahani ya mihogo ya Asmahani bila kuomba, akaenda zake.

Jua lilikuwa bado liko uani. Awadhi alijifuta uso kwa shati.

"Alhamisi nitaingia mwenyewe kwa daktari," alisema. "Wewe uje, lakini maswali nitauliza mimi. Na majibu asinipunguzie."

"Ndiyo."

"Bado sijasema kama nitakubali kukatwa."

"Ndiyo," alisema tena Asmahani.

Awadhi alimkazia macho. "Dada. Wewe unaogopa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jibu lile lile alilompa siku ya mazishi ya mama, na kila mwaka wa njaa, na kila homa: siogopi, Mungu yupo. Kwa miaka yote ile alikuwa akimpa jibu hilo kama mtu anayempa mtoto shuka usiku.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana, Awadhi. Naogopa toka walipokukata kile kinyama. Silali. Nikikusikia umegeuka kitandani nahesabu pumzi zako. Sijui nitakuwa mtu gani kama hupo."

Alilia waziwazi, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia mbele yake. Awadhi alijisogeza kwenye mkeka, mguu mbele, mpaka bega lake likagusa la dada yake.

"Basi nitakwenda," alisema. "Wakate. Kilichonishinda ni kuogopa peke yangu."