Rafu ya Pamba

Mwalimu Getruda Mashimba alikuwa na maoni yake kuhusu vitabu vya watoto, na aliyemuuliza alijuta, maana hakuwa na maoni mafupi. Kwake, kitabu kinachoanza kwa kumwambia mtoto anawe mikono hakikuwa kitabu, kilikuwa tangazo la zahanati. Kile ambamo mtoto mvivu anaadhibiwa ukurasa wa tatu na mtoto mwema anapewa baiskeli ukurasa wa nne, watoto hukifunga ukurasa wa pili, na alisema wana haki. Na hawa vijana wa kidato cha tatu na cha nne, wenye chunusi na mikono iliyozidi mashati, wao wanataka hadithi ya mtu anayekitamani kitu na wazazi wake hawataki akipate.

"Mpe hiyo," alikuwa akisema, "atasoma mpaka kibatari kiishe mafuta."

Miaka thelathini ya kusema hayo ilikuwa imemchosha. Kwanza alifundisha Kiswahili. Vumbi la chaki lilipomkaa kifuani akapewa maktaba ya shule, chumba kimoja chenye madirisha mawili yanayotazama ziwa, upande wa Pasiansi. Walimu wenzake walisema amepumzishwa. Amepumzishwa wapi! Kubeba maboksi, kugundisha kurasa kwa uji wa muhogo, kupigana na panya wanaoupenda huo uji, kumwambia mtoto wa watu kwa mara ya mia kwamba dagaa si kitu cha kuweka alama kwenye ukurasa. Magoti yake yalikuwa yamegoma zamani, na ilikuwa imebaki miaka miwili tu aombe kustaafu.

Sasa ni lazima nieleze habari ya rafu ya pamba, kwa sababu bila hiyo hutaelewa yaliyomkuta.

Mwaka wa tisini na moja binti mmoja wa kidato cha tatu alipata mimba. Wazazi wakaitwa kikao, wakatafuta mchawi, wakampata: riwaya. Kana kwamba mimba huingilia machoni. Mkuu wa shule wa wakati huo, Bwana Masele, mtu mkali asiyekopesha hata tabasamu, akatoa amri kwa maandishi kwamba riwaya zote za mapenzi na za majambazi ziondolewe maktaba, na mwalimu atakayekutwa nazo atafute kazi nyingine. Getruda akajibu kwa maandishi vilevile kwamba zimeondolewa.

Hazikuondolewa. Jumamosi mbili alijifungia mle ndani na karatasi za kaki, akazivalisha moja moja, arobaini na tatu zote, na juu ya kila jalada akaandika kwa kalamu nene: *Pamba Shambani, Kitabu cha 1*, *Kitabu cha 2*, hadi cha arobaini na tatu. Akazipanga rafu ya chini kabisa, kando ya vitabu vya kweli vya kilimo. Nani katika nchi hii ataiba kitabu cha pamba? Nani atakifungua?

Wanafunzi walijua. Walioziona zamani waliwanong'oneza wapya, na mtoto alikuja mezani akiwa na uso mkavu kabisa: "Shikamoo Mwalimu. Naomba Pamba ya kumi na saba." Naye alimjibu, "Marahaba, ina mtu, chukua ya ishirini," akaandika kwenye daftari. Mkaguzi alipokuja akalipitia daftari hilo na kusifu katika ripoti yake hamasa ya kilimo aliyoiona pale. Siku hiyo Getruda alicheka mpaka akakohoa.

Si kwamba alizipenda sana. Nyingine zilimkera. Mwandishi anaua watu watano sura ya kwanza, sura ya pili amesahau majina yao. Mabinti wote wana macho ya duara na wanaume wote wana magari. Lakini alikuwa ameshaona kwa macho yake mtoto aliyefika kutoka kijijini akisoma herufi moja moja kama anayehesabu mbuzi, akashika ya tisa, akashika ya kumi, na kufikia ya thelathini anakuja mwenyewe kuuliza kama kuna kitu kigumu zaidi. Favour Odongo wa kidato cha pili alikuwa mmoja wao. Binti wa wavuvi kutoka Mara, Kijaluo mdomoni na Kiswahili cha kuokoteza, mwaka wa kwanza hakufungua kinywa darasani. Mwaka wa pili alikuwa ameshasoma pamba thelathini na moja, na alikuwa akisahihisha walimu. Kwa ajili ya watoto kama yeye Getruda alikuwa tayari kudanganya mkaguzi, mkuu wa shule na kikao kizima cha wazazi.

Masele alihamishwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne. Akaja Bwana Nkwabi, kijana bado, mwenye suruali ya mikunjo na maneno mapya. Kila kitu kwake kilikuwa soko huria na kwenda na wakati. Aliandika barua kwa wafadhili, nao wakajibu kwamba wanatuma maboksi sitini ya vitabu, na watakuja wenyewe kuviona vikiwa kwenye rafu.

"Itabidi tupunguze vya zamani, Mwalimu Getruda," alisema akisimama mlangoni pa maktaba. "Siasa ile ya ujamaa imepita. Pamba nayo haina bei siku hizi, vinu vinafungwa. Tutakaa tuvipitie."

"Tutakaa," Getruda alijibu. Alijua maofisa. Kutoka tutakaa hadi kukaa huwa ni miezi. Na kumwambia ukweli? Aliyeandika amri ameondoka, lakini amri bado iko kwenye faili. Alinyamaza.

Wiki iliyofuata wifi yake alifariki Sengerema. Getruda alimkabidhi Bwana Nkwabi ufunguo wa maktaba, kama taratibu zinavyotaka, akapanda kivuko akaenda kuzika. Alikaa matanga siku nne. Alipika, alilia, alilala juu ya mkeka pamoja na wanawake wengine ishirini, na Alhamisi asubuhi alirudi akiwa amevimba miguu. Hakupitia nyumbani. Alitaka tu akae kwenye kiti chake, atazame ziwa, asiongeleshwe.

Maktaba ilikuwa inang'aa. Rafu zilikuwa zimefutwa na kujazwa vitabu vya wafadhili vyenye majalada ya kuteleza: sungura aliyepotea kwenye theluji, nakala hamsini, namna ya kutunza farasi, sheria za kodi za nchi ambayo hakuna mtu wa Pasiansi aliyewahi kudaiwa kodi nayo. Favour alikuwa amepiga magoti sakafuni akipiga deki. Getruda alitazama rafu ya chini. Ilikuwa imejaa farasi.

"Shikamoo Mwalimu. Pole na msiba."

"Marahaba. Favour, pamba ziko wapi?"

Favour alikamua tambara kwenye ndoo, akalikamua tena ingawa maji yalikuwa yameisha.

"Zilikwenda jikoni, Mwalimu. Jumatatu."

Jiko la shule ni banda nyuma ya bwalo. Mpishi, mzee Ojuok, alikuwa akikoroga maharage kwa mwiko mrefu kama kasia. Alimpa pole kwa mikono miwili, akamvutia kiti. Getruda hakukaa. Aliuliza kama kimebaki hata kimoja.

"Vya pamba? Aa, Mwalimu. Jumatatu maharage, Jumanne makande, jana ugali. Kuni zilikuwa mbichi, na ile kaki inashika moto vizuri sana." Alionyesha jivu kwa mwiko, kwa furaha ya mtu aliyetumia vizuri alichopewa. Kisha akakumbuka. "Ila watoto walikuja wakasimama hapo mlangoni. Wengi. Nikadhani njaa, nikawaambia bado. Wengine wanalia. Nikasema ni moshi."

Getruda aliona aibu kulia mbele ya sufuria. Alirudi maktaba polepole, akifuata ukuta. Favour alikuwa bado pale.

"Mlijua ni nini zile," Getruda alisema. "Shule nzima mlijua. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo?"

"Tulikaa kikao bwenini, Mwalimu. Dada mkuu alisema tukitamka kwamba ni riwaya, mkuu atajua umedanganya, na ile barua inasema anayekutwa nazo anafukuzwa. Tukakubaliana tunyamaze." Sauti yake ilikuwa imetulia, ya mtu aliyeyapanga maneno siku tatu. "Tulipangiwa kubeba sisi, kidato cha pili. Mimi nilibeba kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini."

Getruda alikaa kwenye kiti chake hatimaye. Alimwona mawazoni mtoto huyu akipita uwanjani na mzigo ule kifuani, vitabu vilivyompa lugha, akivipeleka motoni kwa miguu yake mwenyewe ili mwanamke mzee asikose kiinua mgongo. Hakuna kitu alichowahi kufanyiwa na mtu kilichomuuma kama hicho. Akasimama, akaenda ofisi ya mkuu wa shule. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata woga ulikuwa kazi.

Alimwambia yote: kikao, amri, kaki, Jumamosi mbili, mkaguzi. Bwana Nkwabi alimsikiliza kalamu ikiwa mkononi. Alipomaliza, akaiweka chini.

"Barua ya Masele?" alisema. "Mwalimu, hiyo niliikuta kwenye faili wiki ya kwanza. Niliicheka nikaichana. Riwaya zile ndizo zilizonifundisha kusoma, nikichunga ng'ombe wa baba." Alijishika kichwa. "Arobaini na tatu! Na mimi ndiye niliyesema vipelekwe jikoni. Lo, Mwalimu. Lo." Baada ya hapo akaangalia saa, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kesho, akamwomba aandae daftari jipya la kuazimia, safi, lenye mistari. Hakumfukuza wala hakumkaripia. Getruda angependa akaripiwe.

Favour alikuwa akimsubiri nje ya maktaba, ndoo mkononi.

"Amekufukuza, Mwalimu?"

"Hapana."

Uso wa binti ulifunguka wote. "Basi tulifanya vizuri kunyamaza."

Hapo pangetosha. Neno moja tu, mlifanya vizuri, na mtoto angekwenda zake akiwa shujaa mpaka anazeeka. Getruda alikuwa nalo mdomoni, naye alikuwa mtu wa kudanganya vizuri, mkaguzi ni shahidi. Lakini kilichoteketea kiliteketea kwa sababu ya neno kama hilo, na hakuwa na nguvu za kulivalisha jingine kaki.

"Mkuu angeziacha, Favour," alisema. "Amri aliichana tangu alipofika. Tungemwambia ni riwaya, angeziacha zote."

Binti aliweka ndoo chini. Alitazama upande wa jikoni, ambako moshi wa maharage ulikuwa ukipanda. Alipozungumza hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu.

"Sasa Mwalimu, kwa nini hukumuuliza?"

"Niliogopa."

"Hata sisi," Favour alisema, akaokota ndoo yake akaenda kumwaga maji.