Mfadhili Aliyetaka Taka za Wengine

Wavu wa Bi Wavu ulikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe na mchungaji wake. Ulifungwa mdomoni mwa mtaro mkubwa, pale maji machafu ya mji mzima yanapoingia baharini, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunasa plastiki kabla haijaenda kuogelea. Sasa mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mvua ya kwanza ikishuka na tundu lile lipo, taka za mwaka mzima zingepita kama wageni waalikwa.

Ndiyo maana kampuni ya soda ilipopiga simu kwamba itanunua wavu mpya, Bi Wavu alipiga vigelegele hadi wakusanyaji wenzake wakadhani ameposwa.

Afisa Mawasiliano wa kampuni akaja amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, mtaroni! Akasimama ukingoni, akaziba pua kwa heshima zote.

"Mama, hongera kwa kazi. Kesho naja na mpiga picha. Picha ikitoka gazetini tu, wavu unaletwa. Ila kuna kajambo kadogo." Akalitupia jicho rundo la chupa. "Bosi hataki chupa zetu zionekane."

"Zenu zipi, mwanangu?"

"Hizi za vifuniko vya zambarau."

Bi Wavu akageuka. Mtaro wote ulikuwa zambarau, utadhani umemwagiwa rangi.

"Kwa hiyo mnataka picha ya taka, lakini za wengine?"

"Za wengine zinapendeza zaidi," Afisa akajibu bila kupepesa macho.

Wakaziopoa za zambarau zote, wakazificha kwenye magunia. Wavu ukabaki mtupu.

"Sasa hapa tutapigwa picha tunavua nini, upepo?" akauliza shemeji yake Bi Wavu, mdogo wa mumewe, kijana mwenye maneno mengi kuliko jasho.

Ikabidi pesa ya chai ya kikundi iende dukani kununua soda za kampuni shindani, zenye vifuniko vya njano. Na kwa kuwa mwenye duka hauzi chupa tupu, ikabidi zinywewe. Wakanywa mpaka matumbo yakawambika kama ngoma.

"Shemeji, najitoa mhanga kwa ajili ya bahari," kijana akasema, akacheua.

"Na hizo mbili ulizoficha kwenye koti?"

"Hizo ni za bahari ya nyumbani."

Picha ikatoka: Bi Wavu ndani ya maji hadi magotini, njano kila upande, na Afisa ukingoni anachekelea. Wavu je? Kila akipiga simu anaambiwa uko kwenye mchakato. Bi Wavu akawa anatazama mawingu, kisha tundu, kisha simu, halafu anaanza upya.

Aliyekuja badala ya wavu ni Meneja wa kampuni ya njano, mama mnene, gazeti mkononi. Bi Wavu akajiona tayari yuko mahakamani.

"Mbona ni chupa zetu peke yake?" Meneja akauliza. Kisha akasogea, akashusha sauti. "Dada, wavu tunakuletea leo hii hii. Ila picha ijayo... unanielewa."

Bi Wavu alielewa kuliko alivyotegemewa kuelewa. Akatoa simu palepale, akampigia Afisa.

"Mwanangu, usijisumbue tena na mchakato. Wenzenu wa njano wapo hapa, wavu unafika leo, na wanataka picha mpya. Zile chupa zenu? Ah, nimezitunza! Hata moja haijapotea!"

Simu haijapoa, gari la kampuni ya zambarau likafunga breki ukingoni na wavu juu yake. Safari hii Afisa alivaa mabuti, akausukuma mtaroni kwa mikono yake mwenyewe. Ule wa njano ulipofika, ukafungwa hatua chache nyuma yake. Picha haikupigwa, na hakuna aliyeiulizia, maana kila kampuni iliogopa vifuniko vyake.

Usiku huo mvua ikashuka kwa hasira. Asubuhi Bi Wavu alikwenda roho mkononi. Nyavu zote mbili zilikuwa zimefura, zimejaa hadi pomoni, na ng'ambo yake maji yalikuwa yanaingia baharini bila hata kijiko cha plastiki.

Akainama, akachambua lundo. Zambarau, njano, zambarau. Halafu akaokota chupa ya maji ya kunywa, kifuniko cha buluu. Akaokota nyingine. Na nyingine.

"Shemeji," akaita taratibu, "hiyo simu yako inapiga picha vizuri?"