Mke wa Kwanza wa Kwenye Daftari

Maneno yenyewe Josepha aliyasikia dukani kwa Kanji, kule Ng'ambo mjini, siku ya Jumanne, alipokwenda kununua kitambaa cheupe cha Komunyo ya Kwanza ya bintiye Leonia. Kanji alikuwa anapima yadi. Akauliza bila kuinua macho, kama mtu anayeulizia mvua:

"Mama Leonia, hiki cha kwako au cha mwenzio?"

"Mwenzangu gani?"

"Mke mwenzio, mama. Watu wa kijijini kwenu wakija hapa wanasema Kasimiri siku hizi ana nyumba mbili. Nikawaambia, ah, yule mtu wa kanisa? Wakanicheka."

Josepha naye alicheka. Alicheka mpaka akatoka nje ya duka. Lakini alipopanda lori lililokuwa linaelekea Ulyankulu, kicheko kikaisha, na yale maneno yakabaki. Akayatikisa kichwani kama mtu anayetikisa mchanga kwenye kiatu, hayakutoka. Kasimiri? Kasimiri anayesalisha rozari kila jioni, mtoto akisinzia anamfinya? Kasimiri mzee wa kigango, kanisa lao dogo la kijijini? Haiwezekani. Lakini mbona Jumapili iliyopita wale wanawake kisimani walinyamaza alipofika?

Kijiji chao kilikuwa hakijatimiza mwaka. Mwaka 1974 watu walitolewa kwenye vitongoji vyao na kupangwa mistari kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikipitisha wapagazi kwenda Ujiji. Kila kaya ikapewa shamba moja. Mashamba ya juu yalikuwa mchanga mtupu. Yale ya bondeni, kwenye mbuga nyeusi, yaliotesha mpunga hata mtu akipanda amelala. Kasimiri alipata la mchanga. Mbona basi alikuwa anashinda bondeni? "Namsaidia Veneranda," alisema, "mjane wa marehemu binamu yangu Ambrosi." Josepha akaona ni tendo la huruma. Akawa anamfungia na viazi ampelekee!

Kesho yake asubuhi hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza la shule, ambako karani wa kijiji, Masolwa, alikuwa na meza yake.

"Ndugu Karani, nisomee kaya ya Kasimiri."

Masolwa akafunua daftari, akalamba kidole. "Kasimiri. Mke wa kwanza, Veneranda, shamba la bondeni. Mke wa pili, Josepha, shamba la juu."

"Wa pili nani?"

"Josepha. Si wewe?"

Jamani! Miaka kumi na minne ya ndoa, pete kidoleni, watoto wanne, halafu mtu anakwenda kwa karani kuulizia uvumi wa mke mwenza, anakuta mke mwenza ni yeye!

Jioni, nyumbani, Kasimiri hakukana. Alikaa kwenye kigoda akikwaruza matope ya jembe kwa kijiti.

"Ni karatasi tu, Mama Leonia. Masolwa alisema fomu haina nafasi ya mjane, ina nafasi ya mume. Mwenye wake wawili anapata mashamba mawili. Nikasema basi, niandike. Veneranda apate shamba, na sisi tupate nusu ya mpunga. Kuna ubaya gani? Sijawahi hata kukaa kitandani kwake."

"Na kwa nini yeye ni wa kwanza?"

"Shamba lake lilitangulia kugawiwa."

"Kasimiri!"

"Hayo ni mambo ya serikali. Mambo ya kanisa ni mengine. Padre hasomi daftari la kijiji."

"Na Mungu? Na Yeye hasomi?"

Kasimiri akakwaruza jembe.

Josepha alitamani kumpiga na kile kijiti. Si kwamba mume wake alikuwa mhuni. Afadhali angekuwa mhuni, angejua pa kumshikia. Huyu alikuwa mtu mwema aliyejifunza kujikata vipande viwili: kipande cha Jumapili na kipande cha mkutano wa kijiji. Wanaume wote wa kigango walikuwa wameanza hivyo. Mmoja aliapa kwa mganga apate uongozi. Mwingine alijiandikisha Mwislamu kwenye ushirika wa Mwarabu, Mkristo kwa Padre. Ukiwauliza wanasema mambo ya kisasa.

Tena Jumapili ilikuwa inakuja. Kwenye kigango chao, siku ya Komunyo ya Kwanza baba ndiye anayemleta mtoto mlangoni, anamwashia mshumaa, na Padre anamwuliza mbele ya watu wote kama nyumba yake imesimama katika ndoa moja. Baba asiyeweza kujibu, mtoto anangoja mwaka mwingine. Leonia alikuwa amejifunza sala zote, amekwishapimwa gauni. Siku ya Alhamisi alirudi kutoka shule macho mekundu.

"Mama, wanasema nitaingia na mama yupi."

Kasimiri alisikia. Akainuka, akaenda bondeni kuutazama mpunga. Ulikuwa umekomaa, ungevunwa wiki ile ile.

Jumamosi mchana Padre alifika kwa pikipiki kuungamisha. Alipewa chumba cha darasa la kwanza, na meza ya Masolwa ilikuwa pale pale barazani, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, katikati ya watu waliongoja kuungama. Kasimiri aliingia. Akatoka upesi kuliko alivyoingia, jasho limemtoka.

"Amesemaje?" Josepha akamwuliza.

"Amesema niliyoyaandikisha mbele ya watu nikayafute mbele ya watu. Halafu nirudi."

"Basi nenda. Meza ile pale."

"Subiri wapungue."

"Wapungue wa nini? Ulipoandikisha walipungua?"

Akasogea hatua tatu. Akasimama. Akauliza habari za ng'ombe wa mtu. Akasogea tena. Josepha akawa nyuma yake kama anayepeleka mbuzi mnadani. Mwishowe wakafika.

"Ndugu Karani," Kasimiri akasema kwa sauti ndogo, "nifutie mke."

"Yupi?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti: "Afute wote, aanze upya!"

"Huyo Veneranda si mke wangu," Kasimiri akamwambia karani. "Sema kwa sauti wasikie, maana na mimi nilinyamaza wasisikie. Nilidanganya."

Masolwa akaweka kalamu chini. "Nikimfuta, shamba la bondeni linarudi kijijini. Na mpunga wake."

Kasimiri akatazama upande wa bonde. Josepha aliiona shingo yake ikigeuka, akajua hapo ndipo mtu anapopotea au anapopona.

"Futa," Kasimiri akasema.

"Ngoja kwanza!" Sauti ilitoka nyuma. Veneranda alikuwa anakuja na jembe begani, matope hadi magotini. "Nani kaolewa? Mimi nilimwambia shemeji aniombee shamba. Kumbe nimeolewa tangu mwaka jana na sijaambiwa? Hata kanga moja sijaiona!"

Kicheko kikalipuka upya, lakini yeye hakuwa anacheka.

"Jembe nimeshika mimi. Ndege nimefukuza mimi. Kama hiyo fomu yako inataka mume, andika Ambrosi. Ndiye mume wangu."

"Ambrosi ni marehemu, mama."

"Andika marehemu. Kuna nafasi?"

Masolwa akaisoma fomu mstari kwa mstari. Nafasi ya mume marehemu ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote! Hakuna aliyefikiri kuuliza, kwa sababu kudanganya kulikuwa kwepesi zaidi.

Akapiga mstari, akaandika. Shamba na mpunga wote vikabaki vya Veneranda, na nusu ya Kasimiri ikayeyuka pale barazani. Hakumwangalia mkewe. Alirudi zile hatua kumi na mbili, akaingia darasani.

Kesho yake, mlangoni pa kanisa, Padre alimwuliza. "Ndiyo," Kasimiri akajibu, akauinamisha mshumaa hata nta ikadondokea gauni jeupe. Leonia hakujali. Josepha alijali, doa lile halikutoka, na mwaka ule walikula uwele wa shamba la juu mpaka ukawachosha. Kila alipougeuza kwenye sufuria alimtazama mumewe, na mumewe akaitazama sahani.

Basi, akina baba mnaosali, ya kuepuka ni haya:

Usiandikishe lolote ambalo hutalisema mbele ya mkeo.

Usiseme "ni karatasi tu".

Usimsaidie mjane kwa siri, wala kwa nusu ya mavuno yake.

Usimwachie karani akufikirie. Uliza.

Usiwe na jina moja kwa Padre na jingine kwenye mkutano.

Usingoje watu wapungue.

Usisalishe rozari huku unamfinya mtoto anayesinzia, na wewe ndiye uliyelala.