Arnfinn Ahamishiwa Penye Samadi

Kwa miaka arobaini Arnfinn alikuwa akiwavizia kulungu kutoka juu ya jiwe lile lile la mlimani, hata ilisemekana kwamba jiwe lilikuwa limeanza kufanana naye. Kwa hiyo dada yake mdogo Gudveig, kiongozi mpya wa kikosi cha wawindaji, alipomwambia kwamba alfajiri hii atakaa kando ya lundo la samadi la Jostein, chini kabisa ya malisho, wanaume wote sita waliacha kutafuna.

"Kwenye mavi," alisema Arnfinn taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Kando yake, kaka. Sijakwambia uingie."

"Baba alikaa kwenye jiwe. Babu alikaa kwenye jiwe."

"Na wewe mwaka jana ulirudi na nini?"

"Mafua," Jostein alimjibia.

Gudveig hakucheka. Alikuwa ameshinda kwa kura moja tu, na Arnfinn alishatamka mbele ya wote: leo ndiyo siku ya mwisho ya msimu, na asipopatikana mnyama, uongozi unarudi kwake. Hakuna aliyewahi kumwita kiongozi. Walimwita "Gudveig wetu", kama wanamtaja ng'ombe.

Lakini vuli hii alikuwa ameisoma vizuri. Theluji ya kwanza ilifunika kilele tangu Alhamisi, kwa hiyo kulungu walikuwa wameshuka kutafuta nyasi. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeyakausha majani yaliyopukutika msituni, na kupanda mpaka kwenye jiwe kungekuwa na kelele kama kutembea juu ya sahani. Tena, kabla jua halijagusa bonde, hewa baridi huteremka kuelekea ghubani. Mtu akikaa juu, harufu ya kiko chake inamtangulia kutoa taarifa.

Saa mbili asubuhi mlio mmoja wa bunduki ulipasua bonde. Redio ya mkononi ikakoroma.

"Dume," ilisema sauti ya Arnfinn. "Pembe za ncha kumi. Amekula nyasi mbele yangu robo saa nzima, hakuninusa. Hapa nisingenuswa na yeyote."

Nyama ilipokwisha kuning'inizwa siku zake ili ilainike, waliigawa ghalani kwa desturi yao: mafungu sawa mezani, mtu mmoja anaupa mkutano mgongo, mwingine anagusa fungu na kuuliza ni la nani. Safari hii aliyegeukia ukuta alikuwa Arnfinn. Alitaja majina saba kwa mafungu saba, kwa haki tupu.

Pembe hazimo katika mgao. Ni za aliyepiga, na kila mtu anajua. Jostein aliuliza tu kwa uchokozi.

"Na pembe, za nani?"

Arnfinn alijibu bila kugeuka.

"Za kiongozi."

Gudveig alizipokea kwa mikono miwili, kidevu juu, kama anayevishwa taji.

"Ahsante, kaka," alisema. "Mwakani nitakutafutia lundo kubwa zaidi."