Dokta Aliyekataa Sahihi

Kaka yangu ni mpaka rangi wa maghorofa. Mafundi wenzake wanamwita Brashi. Haogopi kimo chochote, lakini karatasi ikiwekwa mbele yake huitia sahihi mbiombio, kama mtu anayekimbia mvua. Husema waliosoma wameshasoma, yeye asome nini tena.

Siku ile tulikwenda hospitali watatu: yeye, mimi, na binti yake wa miaka kumi na mmoja, mikono kaificha kwapani.

Mikono hiyo ndiyo iliyotupeleka. Mwaka mzima mtoto alikuwa ananawa. Mwanzoni tulimtania, tukamwita Bibi Safi, na jina hilo nilimpa mimi shangazi yake, Mungu anisamehe. Baadaye sabuni ikawa haikai nyumbani. Ngozi ilipasuka mpaka damu ikatoka, na shuleni akawa anafika vipindi viwili vimeshapita, kwa sababu bombani habanduki. Mama yake alipoficha sabuni, alijisugua kwa mchanga.

Dokta wa watoto wenye maradhi ya akili alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Alikuwa ameshakaa na mtoto peke yao mara mbili. Mara ya tatu alituita sote, akatueleza kwamba maradhi haya yanajulikana na yanatibika. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna vidonge. Kisha akatoa fomu. Haijatulia mezani, kaka alishaitia sahihi.

Dokta akaitazama, akairudisha upande wetu.

"Baba, hii siwezi kuipokea."

Kaka akauliza kama amekosea mstari.

"Mstari ni huohuo. Ila sijui umekubali nini. Hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe."

Nilidhani anatudharau. Kaka alikohoa, akaangalia dari kama anayetafuta palipokosa rangi, mwisho akasema amekubali mtoto wake apone. Dokta akajibu kwamba hilo hata yeye amelikubali, lakini kwenye fomu halimo. Nikacheka, halafu nikaona aibu.

Akachukua fomu mpya, akaanza upya, polepole. Vidonge vinaweza kumsumbua tumbo na usingizi. Wiki za mwanzo lazima aangaliwe kwa makini. Akibadilika tabia au akitaja kujidhuru, tumrudishe siku hiyohiyo. Visikatizwe ghafla. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, nikamsikia kaka yangu akimuuliza swali mtu aliyevaa koti jeupe. Je, wakikataa?

"Mkikataa vidonge, mazungumzo yataendelea. Mkikubali leo na kesho mkabadili mawazo, rudini tuzungumze. Ni haki yenu."

Kaka akanong'ona, "Haki yetu," kama anayeonja kitu kigeni.

Kisha dokta akamwomba aeleze maradhi ya mwanawe anavyoyaelewa, na mtoto akaambiwa amsahihishe baba yake akikosea. Kaka akaanza vizuri tu: mwanangu anaogopa uchafu, anaogopa vijidudu. Mtoto akatikisa kichwa.

"Siogopi uchafu, Baba."

"Sasa unaogopa nini, mama?"

"Nisiponawa mara ishirini, utaanguka kutoka juu. Najua si kweli. Lakini kila ukirudi salama, naona ni kwa sababu nilinawa."

Nimezaa, nimezika, nimeona mengi. Jambo kama lile sijapata kuliona. Asubuhi zote zile kaka yangu alikuwa ananing'inia ghorofa ya tisa akipiga mluzi, na huku nyumbani kitoto hiki kimesimama bombani, maji yanachoma vidonda, kinamshikilia baba yake asianguke. Na sisi tukicheka. Dokta yeye alikuwa akijua. Mtoto alikuwa amemwomba asimsemee, atasema mwenyewe atakapoweza.

Kaka akaitoa ile mikono kwapani, mmoja baada ya mwingine, akaiweka katika yake.

"Mimi hufungwa kamba mbili, mwanangu."

"Najua," mtoto akasema. "Nimekwambia najua."

Hakutia sahihi siku ile. Alisema hawezi kuamua bila mama yake mtoto, akaomba fomu aende nayo. Wifi yangu aliisoma kwa sauti mezani, mstari kwa mstari, mtoto akiwa hapohapo. Wakakubaliana waanze na mazungumzo peke yake. Baada ya miezi miwili, mikono ikiwa bado inatoka damu, walirudi kuomba vidonge. Kaka alimweleza dokta kila kitu bila kusaidiwa, ndipo akatia sahihi. Mtoto naye akapewa nafasi ya kuandika jina lake chini.

Hakupona kwa siku moja. Ziko wiki alizorudi nyuma, na iko siku alilia akisema dokta, kwa kumzuia kunawa, anataka baba yake afe. Leo ananawa kabla ya kula kama mimi na wewe. Siku akirudi bombani mara ya pili, hutwambia mwenyewe. Kila miezi mitatu yeye na wazazi wake huingia kwa dokta kuamua kama waendelee. Mimi hubaki nje kwenye benchi, namsikia kaka yangu ng'ambo ya ukuta akiuliza maswali.