Korosho ya Yassini

Katika shule moja nje ya Mingoyo, mwalimu Klementi aliwaita Moza na Yassini mbele ya darasa, kila mmoja na korosho yake moja. Yassini alikuwa ameshaitia yake mdomoni. Alipoambiwa aitoe, akaitema kiganjani mwa Moza, imelowa mate chepechepe.

Moza alisisimkwa mwili mzima.

“Shikaneni mikono, korosho zikae katikati,” mwalimu akasema. “Nyinyi ni atomu mbili za haidrojeni, na korosho ni elektroni zenu. Kila moja ina elektroni moja, na inahitaji mbili ili itulie. Basi zinachangiana. Hicho ndicho kifungo cha kovalenti.”

Mate ya uvuguvugu yalimchuruzika Moza vidoleni, yakiteleza kama bamia.

“Kwa nini haziachani, Moza?”

“Kwa sababu kila moja inazihitaji zote mbili,” akajibu, meno kayauma. “Lakini mimi ya Yassini siihitaji, mwalimu!”

Akauchomoa mkono, korosho zikaanguka, akakimbilia nje kuusugua kwa mchanga, huku darasa zima likivunjika mbavu. Aliporudi alimkuta Yassini ameziokota zote mbili sakafuni, anatafuna taratibu. Moza akatoka tena, na safari hii akatapika.