Semina ya Kilomita Mia Mbili

Katika nyumba ya kina Paranjape, ghorofa ya tatu, mtaa wa Kothrud mjini Pune, maziwa ya asubuhi yalikuwa na tabia ya kuchelewa. Ketaki, mkamwana wa nyumba, alitoka kuyafuata, kunguru wakiwa bado wamelala, akarudi jua limeshatoka, mgongo umelowa jasho, na maziwa yenyewe yamesukwasukwa mfukoni hadi yameota chembechembe za siagi.

"Foleni tena?" aliuliza Sumati, mama mkwe wake.

"Foleni, mama."

"Watu wa maziwa wana dharau. Siku moja nitakwenda mwenyewe nikawape za uso."

Ketaki aliomba kimoyomoyo siku hiyo isifike. Duka la maziwa lilikuwa chini ya ngazi, na yeye alikuwa anatoka kwenye kilima cha Sinhagad, mwendo mzuri tu kwa baiskeli ukijua namna ya kuiba asubuhi.

Kuiba ndilo neno lake. Siku ya Ketaki ilikuwa kama sufuria ya nyumba yenye wageni, kila mtu ana kijiko chake ndani. Ofisi ya bima ilichota, binti yake Ovi wa darasa la kwanza akachota, wifi yake Gargi aliyekuwa hajui avae nini akachota, na chapati hazijisukumi zenyewe. Basi alijifunza kuokota dakika zilizoanguka mezani. Kazini alikwenda kwa njia ndefu. Kutoka kazini alirudi kwa njia ndefu zaidi. Alianika nguo akiwa na kofia ngumu kichwani, na jirani mmoja alipomuuliza, alisema anaogopa vyungu vya maua vya ghorofa ya nne.

Lakini safari kubwa haziokotwi mezani. Chama cha waendesha baiskeli wa masafa marefu kilikuwa na desturi yake: ukienda kilomita mia mbili kwa safari moja kila mwezi, miezi kumi na miwili bila kuruka hata mmoja, unapewa beji ndogo ya bati. Si mashindano. Unatakiwa umalize kabla muda haujafungwa, ugongewe muhuri pale njia inapogeukia, na njiani usipokee msaada wa mtu yeyote. Ukikosa mwezi mmoja, unaanza upya kama mtoto.

Kwa hiyo mara moja kila mwezi, Jumapili, Ketaki alikwenda "semina ya ofisi." Uongo huo aliutunga Shrirang, mumewe, mtu mwema asiye na kipaji cha uongo, ndiyo maana ulishikilia, hakuna aliyedhani anaweza. Sumati aliipenda semina kuliko aliyeitunga. Alilitangazia jengo zima kwamba mkamwana wake anasomeshwa kila mwezi, na akamdokeza Mama Kelkar wa ghorofa ya kwanza kuwa cheo kiko njiani.

Miezi kumi na mmoja ilikwenda hivyo. Ketaki aliendesha mwezi wa mvua, viatu vikageuka mabakuli. Aliendesha na mafua. Ukabaki mwezi wa Desemba, safari moja tu, na siku ya safari hiyo ikawa ndiyo siku ya uchumba wa Gargi.

"Basi," Ketaki alimwambia mumewe jikoni, akikanda unga kama anayemkanda mtu. "Nitaanza upya mwakani."

Shrirang alimtazama. Alijua huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akirudi kutoka hizo semina hawezi kupanda ngazi, lakini anaimba. "Mwezi huu njia inageukia wapi?" aliuliza.

"Wai. Pale kwenye kibanda cha chai, mtoni."

"Na uchumba uko wapi?"

Ketaki akaacha kukanda. Bwana harusi alikuwa mtu wa Wai.

Mpango ukaiva. Sari ya hariri itatangulia kwenye gari chini ya masanduku ya peremende. Ketaki atakuja "kwa basi" akitoka semina. Atageuza, atagongewa muhuri, ataoga maliwatoni pa ukumbi, atashuhudia pete ikivishwa, atakula kidogo, kisha atawahi "basi" la kurudi. Sumati alinung'unika kwamba ofisi gani hii isiyojua Jumapili, lakini alinung'unika kwa fahari.

Siku ilipofika, mambo yalikwenda vizuri mno, na hapo ndipo angepaswa kushtuka. Mlima wa Khambatki aliupanda kama ngazi za nyumbani. Muhuri aligongewa na Bwana Damle wa chama, mzee mwenye upara na huruma. Baiskeli akaificha nyuma ya ukumbi, kwenye majani ya ndizi ya kulia chakula, akaivaa sari juu ya kaptula yake yenye sponji, kwa kuwa kuivua kaptula na kuivaa tena kungekula dakika. Akaingia ukumbini.

Aliingia akitembea miguu imeachana kidogo, mkono mmoja kiunoni. Akaketi polepole sana, huku akiguna.

Shangazi Vasudha, dada mkubwa wa baba wa bwana harusi, alikuwa amekaa jirani. Mwanamke huyo alikuwa amezaa watano na kuzalisha mtaa. Akamtazama Ketaki mara moja, macho yakashuka tumboni.

Chakula kikaja. Ketaki alipanga kula kidogo, lakini tumbo halikuwa kwenye mpango. Alikula mkate mtamu wa dengu, akala wa pili, na wa sita aliumwagia samli mpaka ukaogelea. Kisha mwili wake, uliopoteza chumvi yote barabarani, ukamnong'oneza jambo. Akavuta bakuli la achari ya embe, akaila tupu kwa kidole, akaomba na ndimu.

Shangazi Vasudha akamgusa kiwiko jirani yake. Jirani akamgusa jirani yake. Viwiko vikaenda hadi mwisho wa safu.

Pete ilipokuwa ikivishwa, Ketaki alikuwa amelala begani mwa Shangazi Vasudha, mdomo wazi.

Alipozinduka alikuta wanawake wamemzunguka na mama mkwe wake analia kwa furaha. Pajani, kwenye pindo la sari, walikuwa wamemjaza mchele, kitambaa cha blauzi na nazi nzima, kama anavyojazwa mwanamke anayeombewa heri ya uzazi.

"Usisimame," alisema Sumati. "Usiinue kitu. Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Na hiyo ofisi inakupandisha mabasi ukiwa katika hali hii, nitawaendea."

"Hali gani, mama?"

"Ona anavyoona haya," alisema Shangazi Vasudha. "Yule mtoto wa kwanza hakumpeleka kwenye achari namna hii, sivyo? Huyu ni wa kiume. Mimi sikosei."

"Utarudi kwa gari," Sumati aliendelea, "umelala kiti cha nyuma. Shrirang ataendesha kama amebeba mayai."

Ketaki alimtafuta mumewe kwa macho. Shrirang alikuwa nyuma ya nguzo, anamwangalia kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Nje jua lilishapinda. Akiondoka sasa hivi angewahi. Akilala kiti cha nyuma angefika mapema zaidi, na mwaka wote ungekuwa umepotea hapo.

"Mama," alisema, "nina neno. Twende stoo."

Stoo ilikuwa na magunia ya viazi na balbu moja. Ketaki alisimama na nazi yake.

"Mama, sina mimba."

"Mwanzoni wote husema hivyo."

"Nimekuja kwa baiskeli."

"Kutoka kituo cha basi?"

"Kutoka Kothrud."

Sumati akamtazama juu mpaka chini. "Nani alikuwa anakufukuza?"

"Hakuna, mama. Ndiyo semina."

"Hii ya leo?"

"Zote."

Ukumbini mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti. "Na foleni ya maziwa?" aliuliza Sumati taratibu.

Ketaki akainamisha kichwa. "Duka liko chini ya ngazi, mama."

Sumati akaketi juu ya gunia la viazi. "Mama Kelkar nimemwambia unapandishwa cheo," alisema. "Na sasa hivi nimepokea mjukuu mbele ya wakwe. Nimempa na jina."

"Nisamehe, mama. Nilitaka kusema kila mwezi." Ketaki alipiga magoti, sponji ikamsaidia. "Nyumbani naitwa kutoka kila chumba, na ninaitika, sichukii. Lakini kule barabarani haniiti mtu. Jina langu linapumzika, likirudi linakuwa limeoshwa. Nimebakiza nusu ya safari moja. Ukisema nisiende, siendi, na sitanuna."

Alimaanisha, na hilo ndilo lililomtia Sumati taabu.

"Mimi nilikuwa najifungia chooni," Sumati alisema.

"Mama?"

"Nikiwa mkamwana. Watu kumi na mmoja nyumbani, mlango wenye komeo ulikuwa ule tu. Nakaa, naangalia ukuta, narudi nikiwa mtu. Mkwe wangu akadhani nina ugonjwa wa tumbo. Alininywesha dawa chungu miaka tisa, nikanywa." Akainuka, akakung'uta sari. "Baiskeli afadhali. Ina hewa."

Ketaki akaanza kuvua hariri yake, kaptula ikachungulia. Sumati akamshika mkono.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Barabarani, mama."

"Kwenye ukumbi wa wakwe hutapita umevaa godoro. Subiri."

Akatoka, akarudi na Shangazi Vasudha na sari ya hariri ya zambarau yenye urefu wa mikono kumi na minane, ile ya zamani inayopita katikati ya mapaja na kuchomekwa nyuma. Maelezo alikuwa ameyatoa njiani kwa maneno machache. Shangazi Vasudha hakusema kitu kuhusu kukosea. Alifunga sari kwa nguvu za mtu anayefunga mzigo, akatia pini sita.

"Bibi zetu walipandia farasi nguo hii," alisema. "Mnyororo wako hautaigusa. Nazi usiache."

"Shangazi, ni nzito, na mimba hakuna."

"Baraka ikishatoka hairudi kapuni. Itakuwa ya kitu kingine. Nenda nayo."

Hivyo ndivyo Ketaki alivyotoka Wai, hariri ya zambarau imebana mapajani, kofia ngumu juu ya maua ya nywele, nazi imefungwa nyuma ya kiti. Wageni, ambao viwiko vilishawafikishia habari mpya, walimpungia. Bwana Damle, akinywa chai kibandani, aliacha chai imwagike.

Gari la Paranjape likamfuata, na dirishani kichwa cha Sumati.

"Kula huu mkate."

"Siruhusiwi, mama. Njiani hakuna msaada."

"Chakula ni msaada?"

"Ndiyo."

"Basi hicho chama kimeanzishwa na watu wasio na mama."

Lakini alikuwa ameielewa kanuni, na akiielewa kanuni Sumati humlinda nayo hata asiyetaka. Shrirang alipotaka kumwangazia mkewe njia kwa taa za gari, alizuiwa. Mwenye pikipiki aliyemwambia Ketaki ashike bega avutwe alitukanwa kilomita nzima.

Mambo yaliharibika kwenye mpando wa Katraj, Pune ikiwa ng'ambo tu. Kamba ililegea. Nazi ikadunda lami mara moja, kama inayojaribu, kisha ikaanza safari ya kurudi Wai.

Shrirang akafungua mlango. "Naifuata."

"Kaa," alisema mama yake. "Hakuna msaada."

"Mama, ni nazi. Mjini ziko elfu."

"Nimesema kaa."

Ketaki alisimama kwa mguu mmoja. Juu muda ulikuwa unafungwa. Chini nazi ilikuwa inabingirika, ina haraka zake. Alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa anaangalia mbele kana kwamba hayupo, midomo imebanwa. Ketaki akawaza habari ya komeo la chooni, akageuza baiskeli, akateremka.

Aliikuta mtaroni, mbuzi anainusa. Akamwomba mbuzi radhi, akaisokomeza kifuani ndani ya sari, akaupanda tena mlima ule ule, safari hii akiwa kweli na tumbo. Sumati alikuwa anamsubiri kileleni nje ya gari, viganja vimeshikana, na alipompita alisema kwa sauti ndogo, "Kanyaga, mwanangu. Kanyaga."

Aliingia mwisho wa safari wakati mhudumu wa muhuri anafunika kisanduku cha wino. Mhudumu aliangalia saa, akaangalia tumbo, akafunua kisanduku upesi. Ulikuwa umebaki muda wa kufunga viatu.

Ketaki akaketi chini. Sumati alimtoa nazi kifuani, akaipasua kwenye ukingo wa barabara kwa pigo moja, akawagawia waendesha baiskeli wote vipande, hata wale waliosema wameshiba.

"Harusi ni Februari," alimwambia mhudumu wa muhuri. "Angalia semina isiangukie siku hiyo. Ikianguka, ipitishe ukumbini. Chakula kitakuwepo, na hapo mtakuwa mmeegesha, si msaada."

Siku chache baadaye, mapambazuko, Ketaki alifungua mlango kwa kunyata, kofia mkononi, mfuko wa maziwa begani. Maziwa yalikuwa tayari jikoni, yanachemka, hayana hata chembe ya siagi. Sumati alikuwa amesimama mbele ya jiko, hakugeuka.

"Nimeyachukua," alisema. "Wewe nenda kwenye foleni yako."